Aya ya Nyamoita

Jumatatu, 15 Januari 1973

Mwalimu wetu wa kidato cha nne alituambia siku ya kuagana: "Nyumbani kwenu hakuna Kiswahili. Andikeni kidogo kila siku, la sivyo mtakuwa mmekisahau kabla ya matokeo kutoka." Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Leo nimekuwa mwalimu. Bado nashtuka nikiliandika neno hilo. Shule ya harambee iliyo mwendo wa saa moja kutoka kwetu Sironga haina mtu wa kufundisha Kiswahili, na hedimasta wake, Bwana Mogaka, alimwuliza mama kanisani, "Tryphosa, yule msichana wako asiyeongea, anaweza kusimama mbele ya watu?"

Mama akajibu, "Kusimama anaweza."

Nimesimama. Kidato cha pili kina wanafunzi arobaini na mmoja, na wavulana wawili wana ndevu. Nilifundisha kipindi kizima nikiwa nimeukabili ubao. Nilipotoka, Andrew, mwalimu wa hesabu aliyekuwa darasa la jirani, aliniambia, "Mwalimu Bonareri, nadhani ubao umefaulu. Kesho jaribu na watoto."

Ijumaa, 19 Januari

Nimesahihisha insha za kwanza. Kila moja ni fungu moja tangu juu hadi chini, kama ng'ombe waliobanana mlangoni mwa zizi. Leo nimewaandikia ubaoni aina za aya: ya utangulizi, ya maelezo, ya kusimulia, ya kulinganisha, ya hoja, ya kufunga. Mmoja wa wenye ndevu akainua mkono.

"Mwalimu, aya moja ni vidole vingapi?"

Walicheka mpaka kengele ikalia. Nami nikageuka kufuta ubao.

Jumapili, 21 Januari

Kuchuma pareto na mama. Jua kali.

Jumatano, 24 Januari

Kuna msichana anayeketi karibu na dirisha lililovunjika. Anaitwa Nyamoita, binti wa Machogu, yule mzee wa kamati aliyetoa ardhi ya shule. Ni mrefu, mkimya, na sweta yake ina vifungo vinne vyeusi na kimoja chekundu. Leo nilipokuwa nikirudia kwa mara ya tatu kwamba aya ina wazo moja tu, naye macho yake yako nje, nikamwuliza kwa ukali nilichosema. Akasimama.

"Mwalimu, nafikiri ni kama risaga."

Kila mtu hapa anaijua risaga: majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Siku ya risaga watu wote wanalima shamba moja," alisema. "Hakuna anayekuja na jembe kulima kwake. Basi aya ni siku moja, na sentensi ni watu. Sentensi ya kwanza inasema leo tuko kwa nani. Anayekuja kupiga domo tu anarudishwa nyumbani."

"Na uji wa wimbi nani anapika?" akauliza mwenye ndevu.

"Sentensi ya mwisho. Bila hiyo watu wanaondoka na njaa."

Walicheka, lakini kwa namna nyingine. Kwa kipindi kizima kilichobaki sikugeuka ubaoni hata mara moja.

Ijumaa, 2 Februari

Nimewapa alama za kusahihishia ili wasahihishane wenyewe. Nyota kwenye sentensi kuu. Mstari chini ya ushahidi. Duara pembeni mahali panapokosekana kitu. Wanazipenda kuliko mpira. Kila ninapopita nasikia, "Hapa tunalima kwa nani? Rudisha huyu nyumbani!"

Jumanne, 13 Februari

Hedimasta aliingia kunikagua. Nilieleza aya ya kulinganisha: ni mashamba mawili yanayopakana, ukilima mstari mmoja huku unavuka ulime mmoja kule, la sivyo jirani atanung'unika. Baadaye akaniita ofisini. "Hii risaga ya sentensi umeitoa wapi? Mimi nimefundisha miaka kumi na tano sijaisikia."

Nilisema, "Niliifikiria tu, Bwana Mogaka."

Nilikuwa nikitazama viatu vyake niliposema hivyo. Vina matope upande mmoja.

Jumanne, 27 Februari

Nyamoita ameandika aya inayolinganisha namna mama yake anavyoitikia akiitwa na mumewe na anavyoitikia akiitwa na mvua. Niliisoma nimesimama. Mimi katika miaka minne ya shule ya bweni sikuandika kitu kama hicho, na msichana huyu anatembea maili tatu bila viatu.

Ilistahili tisa kwa kumi. Nimempa saba.

Jumatano, 28 Februari

Aliuliza kwa adabu saba yake imekosa nini. Nilimwambia, "Ushahidi. Unatuambia mambo lakini hutupi kitu cha kushika mkononi." Akashukuru. Alishukuru kweli.

Ijumaa, 9 Machi

Matokeo yametoka. Daraja la pili! Mama alipiga magoti katikati ya pareto, maua yakamwagika.

Bwana Mogaka anasema naweza kupata nafasi chuo cha ualimu kuanzia Mei, ila lazima yeye aandike barua. "Siku ya wazazi afisa elimu atakuja," alisema. "Mwonyeshe kazi. Nami nitajua cha kuandika."

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jioni.

Jumatano, 14 Machi

Aya za kusimulia zimekuja. Arobaini zinahusu mpira, soko, au fisi ambaye hakuna aliyemwona. Ya Nyamoita alinipa mkononi mwenyewe. Nilipomaliza kuisoma nilimwita.

"Ni nzuri. Lakini hapa unasema ulivua sweta. Sweta ipi? Kila mtu ana sweta. Nipe ushahidi."

Alifikiri, kisha akaketi pale pale akaongeza maneno manne. Naiandika hapa yote ilivyo sasa, pamoja na "tata", tunavyomwita baba, kwa maana sitaki kuisahau:

"Siku moja pombe ilimwangusha tata njiani. Nilikuwa nakwenda kuteka maji asubuhi, ukungu umekaa juu ya mto, nikamwona kwa mbali amelala kando ya njia na nguo zake ziko mahali pengine kama za mtu mwingine. Nilifumba macho. Nikageuka, nikatembea kinyumenyume mpaka niliposikia pumzi yake. Nikavua sweta yangu yenye kifungo kimoja chekundu, nikaiangusha nyuma yangu. Kisha nikaenda kuteka maji. Tata alirudi jua likiwa juu, akampa mama ile sweta, akamwambia asante. Mama hakusema kwamba si yeye. Tangu siku hiyo hajampiga tena. Kwa hiyo nami sijasema."

Nimempa nane.

Najua ni mambo ya ensoni, ile aibu iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Mtoto hazungumzi juu ya mwili wa mzazi wake, na aliyeuona hana budi kutakaswa. Lakini hii ni insha. Kwa Ekegusii, lugha yetu, nisingeweza kuisoma hata peke yangu, ulimi ungeungua. Kwa Kiswahili maneno ni safi, kama sahani za shule ambazo hakuna mtu wa nyumbani aliyezilia.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua.

Jumanne, 20 Machi

Mvua. Pareto haikauki, mama ameianika juu ya kitanda changu. Nalala na maua.

Alhamisi, 22 Machi

Nimechagua aya nitakayomsomea afisa elimu kesho. Nimemwambia Nyamoita ni yake. Sitasema jina, na wazazi hawajui Kiswahili cha vitabuni, watapiga makofi tu. Baada ya masomo alinifuata kwenye tangi la maji tukaongea kidogo. Halafu ikanyesha.

Ijumaa, 23 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na mabenchi, kwa maana yalipangwa vizuri.

Wazazi waliketi mbele ya darasa jipya, wanaume kulia, wanawake kushoto. Wanafunzi chini kwenye majani. Afisa elimu, mtu mgeni mwenye tai, kwenye kiti cha hedimasta. Kwaya iliimba, Andrew akafanya hesabu ya kuonyesha, kisha Bwana Mogaka akasema, "Sasa Mwalimu Bonareri atatuonyesha aya."

Nilieleza risaga. Afisa aliandika kitu. Nikaanza kusoma, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu haikutetemeka. Nilifurahi. Lazima niandike hilo. Nilipofika kwenye kuvua sweta nilikuwa na furaha.

Niliposema kifungo chekundu, vichwa vya wanafunzi viligeuka vyote pamoja. Nyamoita alikuwa mstari wa mbele, amevaa ile ile, hana nyingine. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifungo, na kwa sababu ya kiganja hicho hata wazazi wasioelewa neno wakajua pa kutazama.

Nilimaliza. Mzee Machogu akasimama upande wa wanaume.

"Mwalimu," alisema, "rudia hapo penye sweta."

Alisema kwa Kiswahili. Sikulifikiri hilo. Nilidhani ameipenda. Nikarudia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nimekaa Mombasa miaka kumi na moja, nikipika kwa Mhindi mmoja wa bandarini. Kusoma sijui, lakini kusikia najua. Kiswahili chako ni kizuri, binti yangu. Kila neno limefika."

Akachukua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi. Kwenye upande wa wanawake mama yake Nyamoita alijifunika uso kwa leso. Wanaume walianza kunong'onezana, waliosikia wakiwafasiria wasiosikia kwa Ekegusii. Ilipita kutoka benchi hadi benchi. Mtu mmoja nyuma kabisa akacheka.

Afisa elimu akasema, "Aya safi sana. Sentensi kuu ipo, ushahidi upo. Nani mwandishi?"

Vichwa vikageukia tena kile kiganja. Hakukuwa na haja ya jina.

Jumapili, 25 Machi

Mama hajaniuliza kitu tangu Ijumaa. Leo tukichambua mboga za chinsaga alisema bila kuniangalia, "Aliyefunika hana kosa. Mwenye kosa ni aliyefunua." Kisha, "Nipe chumvi."

Jumatatu, 26 Machi

Nyamoita hakuja. Wenye ndevu wamekipa kiti chake jina, wanakiita Sweta. "Sweta, uko wapi? Sweta, simama ujibu." Niliwaambia wanyamaze. Mmoja akajibu, "Mwalimu, tunatoa ushahidi tu."

Hedimasta aliniita. Machogu ametaka kamati ikae Ijumaa. Asiporidhika anaweza kuchukua ardhi yake, nusu ya uwanja na vyoo. "Mmoja ataondoka, Jemimah," alisema. Hajawahi kuniita jina la ubatizo. "Mwanafunzi au mwalimu. Niandikie ripoti. Kamati itaamua kwa ripoti. Nami Jumatatu napeleka barua za chuo."

Nyamoita ana mtihani wa kidato cha pili Novemba. Yeye ndiye pekee hapa ninayejua atapita.

Jumatano, 28 Machi

Nimeandika ripoti. Niliandika ya kwanza nikaichana. Hiyo ilikuwa ya kweli lakini haikuwa na mpango, ilikuwa inalia tu. Nikaketi tena nikaanza kama ninavyofundisha.

Aya ya kwanza, maelezo: "Wanafunzi waliagizwa kuandika aya moja ya kusimulia. Hawakuagizwa kuandika juu ya wazazi." Kweli.

Aya ya pili, kulinganisha: "Wanafunzi arobaini waliandika juu ya mpira, soko na wanyama. Mmoja tu aliandika juu ya mwili wa baba yake." Kweli.

Aya ya tatu, hoja: "Mwanafunzi aliandika kwa hiari. Alikabidhi aya kwa mkono wake mwenyewe. Maneno yanayomtambulisha aliyaandika yeye, kwa kalamu yake. Kati ya siku hiyo na siku ya wazazi zilipita siku nane." Kweli, kweli, kweli, kweli.

Aya ya kufunga: kwamba mimi ni kijana na ninaomba radhi kwa kutotambua mapema tabia ya mwanafunzi.

Nimeipitia sentensi kwa sentensi kutafuta uongo ili niukate. Hakuna. Ni kazi bora kuliko zote nilizoandika. Kila sentensi imekuja na jembe, na zote zinalima shamba moja.

Ijumaa, 30 Machi

Kamati ilikaa kwa muda wa saa mbili. Niliketi nje na mama yake Nyamoita, benchi moja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule. Hatukusalimiana. Bwana Mogaka alisoma ripoti, niliisikia kupitia dirishani, na hata kwa sauti yake ya puani ilisimama imara.

Machogu akasema, "Basi shule haikumtuma. Alinivua nguo mwenyewe." Akaomba apewe ile karatasi.

Nyamoita ameondolewa. Mimi nabaki mpaka mwisho wa muhula. Hedimasta alinipa mkono. "Unajua kuandika," alisema.

Jumatatu, 2 Aprili

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, Machogu alikuwa kanisani, kiti cha pili kutoka mbele. Jana alichinja mbuzi wa utakaso. Wanafunzi wanasema Nyamoita alipakwa taka za tumbo la mbuzi mwili mzima mbele ya wajomba, na sweta ikachomwa. Andrew ofisini alisema, "Kifungo hakiungui, lakini. Plastiki inayeyuka tu." Walimu walicheka. Nilicheka kidogo pia. Sijui kwa nini. Nilicheka.

Ijumaa, 6 Aprili

Shule imefungwa. Nimepewa barua.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua ya mawe saa tisa. Pareto yote imelala. Mama alitembea mstari hadi mstari akiinua maua moja moja, kana kwamba yatasimama.

Kabla ya mvua nilikwenda kwa hedimasta nyumbani kwake. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. Nilisema, "Bwana Mogaka, ripoti yangu imepungukiwa na jambo moja."

Alikuwa akinywa chai. "Jambo hilo lingebadili nini?"

"Labda angerudishwa."

"Na wewe?"

Nikatazama kikombe chake.

"Kamati haisomi mara mbili," alisema. "Kunywa chai, mwalimu, mvua inakuja."

Nilikunywa.

Jumatano, 18 Aprili

Chuo kimenikubali. Niripoti tarehe saba Mei. Nichukue shuka mbili na sahani.

Alhamisi, 26 Aprili

Amekuja.

Nilikuwa uani nikiosha masufuria. Alisimama langoni na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye kikapu cha kuchumia chai kichwani. Wanampeleka Nyacheki akakae huko, achume majani chai. Shangazi alibaki barabarani. Nyamoita aliingia peke yake, kichwa kimenyolewa, bila sweta, na asubuhi ilikuwa baridi.

"Mwalimu, habari ya siku nyingi."

"Nzuri. Karibu. Ingia ndani, kuna uji."

"Hapana, asante. Nimeleta kazi." Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilijua ni nini kabla ya kuifungua.

"Tata hajui kusoma," alisema. "Alitaka kuisikia tena ile jioni, nami ndiye msomaji wa nyumbani. Nilimsomea nimesimama. Alinifanya nirudie aya ya tatu."

"Nyamoita—"

"Aliipenda aya ya tatu. Alisema huyo mwalimu anajua kufunga mlango."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu swali darasani. Shangazi akaita kutoka barabarani, "Wewe msichana, chai haitungoji!" Nyamoita akainamisha kichwa kidogo, kama wanafunzi wanavyowaaga walimu, akaenda. Nilimtazama mpaka kwenye migomba. Hakugeuka nyuma.

Niliifungua karatasi. Ameisahihisha ripoti yangu kwa penseli, kwa alama nilizomfundisha. Nyota kwenye kila sentensi kuu, nne zote. Mistari iliyonyooka chini ya ushahidi wote. Hakuna sentensi aliyoirudisha nyumbani. Pembeni ya aya ya tatu, baada ya zile siku nane, amechora duara moja, na ndani yake ameandika kwa herufi ndogo: "Tangi la maji."

Chini kabisa, alama: tisa.

Mama ameniuliza karatasi hiyo ni ya nini. Nikasema ni ya shule. Nimerudi nyuma katika daftari hili mpaka tarehe 22 Machi, mahali nilipoandika kwamba tuliongea kidogo halafu ikanyesha. Mstari ulikuwa na nafasi, nimeandika pale, kwa kalamu, maneno aliyoniambia siku ile akiwa ameshika bomba la tangi kwa mikono miwili:

"Mwalimu, nakuomba, hiyo usisome. Nipe sifuri, lakini usisome."